Hicho Kiti Ni cha Watu Wangapi?

Ukisimama steji ya Matayos jioni ukitafuta gari la kwenda Busia mjini, utaambiwa "bado mmoja tu." Usiamini. Huyo mmoja ana wenzake watatu.

Tuanze na Probox. Gari limeundwa kubeba watu watano, dereva akiwemo. Lakini nyuma mtabanana wanne, buti nayo ina watu wake, na mbele kuna abiria anayekalia kiti kimoja na dereva, upande wa mlango. Dereva akitaka kubadilisha gia, ni kama anaomba ruhusa kwa goti la mtu.

Matatu ni afadhali, mpaka makanga atoe sambaza. Kama hujawahi kuikalia, shukuru: ni ubao unaolazwa kati ya viti, juu ya njia ya kupita. Huna pa kuegemea, mathe wa nyuma amekuwekea gunia la omena mgongoni, na nauli yako ni ile ile ya mwenye kiti. Mimi chuo niliacha, lakini hesabu ya kugawanya bado naijua. Hapo umelipa bei kamili kwa nusu ya kitu.

Wenye kupanda ndege nao wanalia. Miaka ya nyuma, daraja la kawaida lilikuwa na takriban inchi 35 kutoka kiti kimoja hadi cha mbele yake. Leo nyingi zinatoa kama 31, na zile za bei rahisi zinashuka hadi 28. Ukitaka kunyoosha mguu, ongeza pesa. Kelele zilizidi hadi mwaka 2018 Bunge la Marekani likaagiza mamlaka ya usafiri wa anga iweke kipimo cha chini cha kiti. Si mambo ya starehe tu. Ndege kubwa ya abiria lazima ithibitishe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki.

Sasa chukua hizo sekunde 90 uzilete barabara ya Busia kwenda Malaba, huku malori ya mafuta yamepanga foleni kuelekea Uganda. Mlango wa matatu ni mmoja, na njia ya kuufikia imekaliwa na watu watatu juu ya ubao. Wewe uko kiti cha nyuma kabisa, dirishani. Utapitia wapi?

Na tulishawahi kukaa vizuri. Sheria za Michuki zilipoanza Februari 2004, Nissan zilizokuwa zikibeba 18 zilishuka hadi 14, kila mtu na mkanda wake. Halafu ikaja korona, gari la 14 likabeba wanane. Nauli ikapanda, tukaelewa. Agosti 2021 magari yakaruhusiwa kujaa tena. Nauli yako ilirudi chini? Jijibu mwenyewe.

Ukikataa peke yako kusonga, utaitwa mwenye maringo, utaambiwa ununue gari lako. Kwa hivyo ongea kabla hujalipa, maana ukishatoa pesa makanga hakusikii tena. Na umtafute jirani wa kukuunga mkono. Pale Bumala niliona abiria watatu wakisema "toa huo ubao kwanza," kwa upole kabisa. Makanga akanuna, akausukuma chini ya kiti. Tukaondoka tukiwa 14, nauli ile ile.