Viatu Visivyofika Nyumbani

Nilikwenda kumhoji mshauri nasaha mmoja kuhusu kazi yake, nikarudi nikiwaza viatu.

Hukaa ndani ya kiondo kilichotundikwa nyuma ya mlango wa ofisi yake, Nairobi. Ni vyeusi, vya mtumba wa Gikomba, kisigino cha kulia kimelika upande wa nje. Kamba moja nyeusi, nyingine ya kahawia. Asubuhi mama huyu hufika na ndala, huketi kwenye kiti cha wageni na kuvivaa polepole. Jioni huvivua, hupangusa soli kwa kitambaa kibichi hata kama hakutoka nje kutwa, kisha huvirudisha kiondoni. Ni miaka sasa havijavuka kizingiti cha nyumba yake.

Vilianza katika mochari ya Chiromo. Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, miili ikaletwa Nairobi, naye akawa miongoni mwa waliowasindikiza wazazi kuwatambua watoto wao.

“Tulikwenda wawili wawili. Mmoja anaingia na familia, mwingine anabaki mlangoni. Watu walidhani wa mlangoni anapumzika. Yule alikuwa wangu mimi. Nikitoka ananishika mkono, ananiuliza: umekula?”

Nyumbani hapakuwa na wa mlangoni. “Binti yangu, miaka minne, alitia miguu ndani ya viatu hivi akaanza kutembea navyo sebuleni. Nilimfokea mpaka akajikojolea. Hapo nikajua kazi imenifuata.”

Mwanasaikolojia Mmarekani Charles Figley alihariri kitabu kizima kuhusu hali hii, iitwayo uchovu wa huruma, mwaka 1995. Mwenyeji wangu ana maelezo mafupi zaidi: “Watu hudhani dawa ni moyo mgumu. Moyo mgumu hausikii, na asiyesikia hana kazi hapa.”

Dawa yake ni hesabu. Huona watu wanne kwa siku. Wa tano, asipokuwa hatarini, huambiwa kesho. Kila Alhamisi naye huenda kwa mshauri aliyemtangulia katika kazi, akazungumza, akalia akitaka. Kinyozi hajinyoi. Ila kinyozi huyu hulipia kunyolewa kwake kutoka mfukoni. Ripoti nilizoonyeshwa zinahesabu waliohudumiwa. Safu ya waliohudumia sikuiona.

Mbona hajaacha? Alikoroga chai iliyokwisha kupoa.

“Kuna baba huja kila Aprili. Hana jipya. Anakaa, tunakunywa chai, anaondoka. Nikiacha, aanze kumsimulia nani upya?”

“Na wewe, nani atakuwa mlangoni?”

Aliinamia kisigino kile, akakibonyeza kwa kidole gumba. “Vimetiwa soli mara mbili. Fundi amekataa ya tatu.”

Akatazama saa, akakaza kamba ya kahawia. Wa nne alikuwa anasubiri.