Jinsi shinikizo la mashindano linavyouathiri moyo wa mwanamichezo

KILA mara tamasha la utamaduni linapowadia kisiwani Lamu, macho ya wakazi huelekea baharini. Mashua hushindana kwa tanga, waogeleaji hukata mkondo, nao vijana huwatimua punda kando ya ufuo. Watazamaji husifu nguvu za mikono na wepesi wa miguu, lakini kiungo kinachobeba mzigo mzito kuliko vyote hakionekani. Kiungo hicho ni moyo.

Mzigo huo hautokani na kazi ya mwili pekee. Nahodha aliyeketi usukanini hasogei sana ikilinganishwa na mabaharia wanaovuta kamba, ila moyo wake pia huenda mbio. Sababu ni shinikizo la mashindano: hamu ya kushinda, hofu ya kushindwa mbele ya watu wa mtaa wake, na ulazima wa kuamua haraka.

Ubongo unapotambua kwamba jambo kubwa linakaribia, hutuma ishara kupitia mishipa ya neva. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Wakati huohuo, neva ambayo kwa kawaida huutuliza moyo hulegeza breki yake. Matokeo ni kwamba moyo hupiga kwa kasi na kwa nguvu zaidi, presha ya damu hupanda, na damu nyingi huelekezwa kwenye misuli.

Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Mwanamichezo aliyezoea mazoezi huweza kuwa na chini ya 60. Hata hivyo, dakika chache kabla ya ishara ya kuanza, mapigo huweza kupita 100 ilhali mhusika hajafanya kazi yoyote. Hali hiyo si ugonjwa. Ni mwili unaojiandaa.

Tatizo huzuka pale msisimko unapozidi kiasi. Mfano mzuri ni mchezo wa mbio za ramani na dira, unaopendwa sana katika nchi za Skandinavia. Mkimbiaji hupita msituni akitafuta vituo kwa ramani, na ni lazima akili yake ifanye kazi wakati moyo unakaribia upeo wake. Akikimbia kupita uwezo wake, huisoma ramani vibaya na kupotea njia.

Nahodha wa Lamu hukabiliwa na mtihani wa aina hiyo. Ni lazima ausome upepo na mkondo wa maji, ajue wakati wa kubisha chombo, na aamuru farumi ihamishwe upande upi. Papara ya mara moja huweza kumpotezea ushindi au kupindua chombo.

Mbio hizo za ramani zina funzo jingine, tena la kusikitisha. Kati ya mwaka wa 1979 na 1992, wanamichezo vijana 16 wa mchezo huo walifariki ghafla nchini Uswidi. Uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi yao walikuwa na uvimbe wa misuli ya moyo, maradhi ambayo mara nyingi husababishwa na maambukizi. Funzo lililobaki ni kwamba mwenye homa hapaswi kufanya mazoezi makali wala kushindana, hata kama timu yake inamtegemea.

Shauri hilo lina uzito Pwani, ambako kijana mwenye homa huweza kuona aibu kuwaangusha wenzake siku ya mashindano. Vilevile, kutafuna miraa kabla ya kushindana huongeza kasi ya mapigo na presha ya damu, na hivyo kuuzidishia moyo mzigo juu ya mzigo.

Njia za kuutuliza moyo si ghali. Kuvuta pumzi polepole, takriban mara sita kwa dakika, huku ukiitoa taratibu, huisaidia ile neva ya utulivu kurejesha breki. Kushindana mara kwa mara katika mazoezi huuzoesha ubongo shinikizo. Kunywa maji ya kutosha pia ni muhimu, kwani joto na upungufu wa maji huupandisha mwendo wa moyo.

Mwanamichezo anaweza kujipima mwenyewe: aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, ahesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha azidishe mara mbili. Upeo wa mapigo hukadiriwa kwa kutoa umri kutoka 220. Hivyo kijana wa miaka 25 ana upeo wa takriban 195, na mzee wa miaka 60 takriban 160.

Maumivu ya kifua, kuzimia katikati ya mchezo au mapigo yasiyo na mpangilio ni dalili za hatari. Anayeziona aache kushindana na amwone daktari mapema, hasa mkazi wa visiwa vya mbali kama Pate na Ndau, ambaye hulazimika kuvuka bahari ili kufika hospitali kuu iliyoko Lamu. Kombe hushindaniwa tena mwaka ujao, lakini moyo ni mmoja.