Droni inayumba hewani? Tutafute ugonjwa wake mbele ya kuirusha tena



Siku moja ya Mungu, mama mmoja alifika kwenye dispansari na kijana wake wa miaka 14. Vidole viwili vya kijana vilikuwa vimefungwa na kipande cha kitenge chenye damu. Mjomba wake alikuwa amemletea droni, ile ndege ndogo yenye elisi nne. Kijana aliirusha mbele ya nyumba. Badala ya kutulia hewani, droni ikaanza kujisogeza yenyewe kwa upande wa mdogo wake. Kijana akaogopa, akanyoosha mkono ili aikamate. Elisi zikamkata.

«Munganga, kitu hiki kiko na shetani», mama akaniambia.

«Hapana, mama. Kiko na ugonjwa, na kila ugonjwa una chanzo chake.»

Kijana alipona. Wengine hawakupata bahati hiyo. Mwaka wa 2015, huko Uingereza, droni iligusa mti, ikapoteza njia, na elisi yake ikampasua jicho mtoto mdogo. Jicho lile halikuokoka. Mwaka ule ule, mwimbaji Enrique Iglesias alikatwa vidole katika mji wa Tijuana, Mexico, juu ya kushika droni kwa mkono mbele ya watazamaji wake.

Basi tujifunze kuipima droni kama munganga anavyompima mgonjwa.

Droni inatulia namna gani?

Simama kwa mguu mmoja, kisha funga macho. Utayumba mara moja. Mwili unahitaji macho, miguu na sikio la ndani ili usimame sawa. Droni vilevile ina viungo vyake vya kusikia:

— vipimo vya mwendo, vyenye kuonyesha kama imeinama;
— kipimo cha mgandamizo wa hewa, chenye kuonyesha kimo;
— dira, yenye kuonyesha inaelekea wapi;
— GPS, yenye kupokea habari za satelite na kuonyesha pahali ilipo;
— kamera ya chini, yenye kutazama udongo.

Droni nyingi za bei ndogo hazina GPS wala kamera ya chini. Hizo hufuata upepo kama jani. Huo si ugonjwa, ndiyo tabia yao. Lakini droni yenye viungo vyote ikiyumba, ujue kiungo kimoja kinaidanganya, na motere zinatii uwongo huo.

Tazama inavyoyumba

1. *Inakwenda daima upande ule ule, hata pasipo upepo.* Vipimo vya mwendo vimepotoka. Weka droni juu ya meza iliyo sawa kabisa, isitikisike, ukafuate maagizo ya kitabu chake ili kuvisawazisha upya. Kwa droni ndogo ya watoto, mara nyingi vitufe vidogo vya telekomande vinatosha: ikienda kuume, bonyeza kidogo kidogo kwa kushoto.

2. *Inazunguka kwa duara, na duara inazidi kupanuka.* Hapo dira inadanganywa, na mara nyingi sababu ni chuma. Usiirushe kutoka juu ya beton yenye vyuma ndani, juu ya gari, karibu na mabati wala chini ya nyaya za umeme mkubwa. Kwanza ihamishe pahali wazi. Ikiendelea, sawazisha dira hapo, bila funguo wala telefone mfukoni. Ukiisawazisha karibu na chuma, unaifundisha uwongo.

3. *Inatulia nje, lakini inayumba ndani ya nyumba.* Chini ya paa satelite hazionekani vizuri, kwa hiyo droni inategemea kamera ya chini. Nayo haioni vema penye giza, juu ya sakafu yenye kung'aa, wala juu ya maji. Panguza kamera kwa kitambaa laini, ongeza mwanga. Ukiwa nje, usiwe na haraka: ngoja mpaka telekomande ionyeshe kwamba satelite zimepatikana.

4. *Inatetemeka, inalia vibaya, ama motere moja inakuwa moto kuliko nyingine.* Zima, toa batri, tazama elisi moja moja. Elisi iliyopasuka hata kidogo haigundishwi kwa kole. Inabadilishwa. Tazama pia kama kila moja iko pahali pake: mbili huzunguka kwa kuume, mbili kwa kushoto, na alama zao sherti zifuatwe. Tafuta nywele ao uzi uliojifunga kwenye motere.

5. *Inapanda na kushuka yenyewe.* Karibu na udongo, upepo wa elisi zake unarudi na kuisukuma. Ipandishe mpaka karibu metre 2, utazame kama inatulia. Upepo mkali pia unadanganya kipimo cha hewa.

Wenzetu wapimaji wenye kutumia droni katika mashimo ya wazi wanajua shida hizi. Kuta za shimo zinaficha satelite, upepo unazungukazunguka humo ndani, na mashini kubwa za chuma zinavuta dira. Chini ya udongo, ndani ya galeri, GPS haifiki kabisa.

Sheria za kuchunga

— Batri iliyovimba isitumiwe wala isichajiwe, maana inaweza kuwaka moto. Iweke nje, mbali na watoto.
— Ukitaka kujaribu motere ndani ya nyumba, toa elisi kwanza.
— Watoto wasimame mbali, nyuma ya yule anayeirusha. Yeye avae miwani ya kazi.
— Ikianza kuyumba, usiikimbilie. Iteremshe polepole pahali pasipo watu. Usiikamate kwa mkono.
— Ikinaswa kwenye nyaya za umeme, iache. Usipande, usitumie mti wala chuma. Ita watu wa umeme. Droni inanunuliwa tena, mtu hanunuliwi.
— Uliza ruhusa ya wakuu mbele ya kuirusha, zaidi karibu na kazi ao uwanja wa ndege.

Kama mtu ameumia

*Kidole kimekatwa:* kandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, kisha osha kwa maji safi na sabuni. Damu isipokoma, ao kidole kisipojikunja, usichelewe: njoo kwenye dispansari. Hata kwa kidonda kidogo, uliza juu ya sindano ya tetanosi. Usipake majivu wala mafuta ya gari.

*Jicho limepigwa:* usilisugue, usilikandamize, usitie dawa yoyote. Kitu kikiwa kimechomeka ndani, usikitoe. Funika jicho kwa kikombe safi kisichogusa jicho lenyewe, ukamlete mgonjwa upesi, hata kama ni usiku.

Yule kijana amerudi kucheza na droni yake. Chanzo kilikuwa kidogo: elisi moja ilipasuka ncha, naye aliona lakini akasema haidhuru. Sasa, kila mara mbele ya kuirusha, anazipima zote nne kwa ukucha. Nanyi fanyeni vilevile.