Farina: mji ulioitwa Unga

Tunapochambua majina ya mahali, mara nyingi tunatafuta ndani yake habari za pale: mto, mti, ukoo, tukio. Lakini kuna majina yanayosema kile ambacho watu walitamani kiwepo. Mfano wangu ni Farina, mji mdogo wa Australia Kusini ulio ukingoni mwa jangwa, zaidi ya kilomita 600 kaskazini ya Adelaide.

Walowezi wa kwanza waliuita Government Gums, yaani mikaratusi ya serikali. Jina hilo lilitaja kilichoonekana: miti kando ya kijito. Mwaka 1878, mji ulipopimwa, ukapewa jina la Farina. Neno ni la Kilatini, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunalitambua mara moja katika farine: unga. Walowezi walitumaini kwamba ngano ingestawi pale.

Onyo lilikuwa limekwisha kutolewa. Mwaka 1865, wakati wa ukame mkali, mkuu wa wapima ardhi, George Goyder, alizunguka nchi kwa farasi na kuweka mpaka kwenye ramani. Alifuata mimea: kusini ilikuwa mikaratusi mifupi, kaskazini vichaka vinavyovumilia chumvi na kiangazi. Kaskazini ya mpaka huo, alisema, pasilimwe, pabaki malisho. Farina iko mbali kaskazini yake.

Ila miaka ya 1870 mvua ilinyesha vizuri. Mwaka 1874 sheria iliyozuia kuuza ardhi kwa mkopo nje ya mpaka wa Goyder ikafutwa. Watu wakasema mvua hufuata plau: lima kwanza, mawingu yatakuja. Katika miaka ya 1880 ukame ulirudi, na wakulima wengi wakaacha mashamba yao. Farina hupata kwa wastani chini ya milimita 200 za mvua kwa mwaka, na wakati wa joto hupita digrii 40. Ngano haiwezi.

Mji uliishi kwa kazi nyingine. Reli ilifika mwaka 1882, na misafara ya ngamia ikachukua mizigo kupeleka ndani ya jangwa. Waendesha ngamia Waislamu, walioitwa Waafghani ingawa wengine walitoka India, wana sehemu yao katika makaburi ya pale. Reli iliposogezwa hadi Marree mwaka 1884, biashara nyingi zikaifuata. Leo ni magofu. Watu wa kujitolea wamefufua tanuri la zamani lililojengwa chini ya ardhi, na kila mwaka, kwa majuma machache, huoka mkate kwa unga uliotoka mbali.

Kwa hiyo, tukikuta jina la mahali, maana ya neno peke yake haitoshi. Tuulize pia nani alilitoa, mwaka gani, na alitaka nani alisikie. Government Gums liliwaelekeza wasafiri kwenye miti. Farina liliwaita wakulima mahali ambapo miti yenyewe ilikuwa imeshawakataza.