Noti za 1923 Hazikumweka Hitler Madarakani

Kila muhula swali ni lile lile: "Mwalimu, si mfumuko wa bei ndio uliomleta Hitler?" Wanafunzi wa kidato cha sita huuliza, wazazi wao huuliza, na wachambuzi wa uchumi redioni hulitamka kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Hapana. Tarehe zenyewe zinakataa.

Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilifika mark trilioni 4.2. Mwezi huo huo Hitler alijaribu kupindua serikali akianzia München. Polisi walimzima siku ya pili tu, akaishia gerezani. Yaani hasira za watu zilipokuwa kileleni, alishindwa. Kisha ikatolewa sarafu mpya, Rentenmark, na bei zikatulia. Katika uchaguzi wa Mei 1928 chama cha Nazi kilipata asilimia 2.6 ya kura na viti 12. Kama noti zile ndizo zilizompandisha, waliopoteza akiba zao walikuwa wapi siku hiyo? Sikatai kwamba mfumuko ule uliwafilisi watu wa tabaka la kati na kuwaachia chuki dhidi ya Jamhuri ya Weimar, yaani Ujerumani ya wakati huo. Lakini chuki hiyo peke yake ilimpa viti 12.

Jamhuri ilivunjika wakati bei zikishuka. Baada ya mdororo wa uchumi wa 1929 viwanda vilifungwa, na mapema 1932 wasio na kazi walizidi milioni 6. Kansela Heinrich Brüning alikata mishahara ya watumishi wa umma, akapandisha kodi na kupunguza posho, akitawala kwa amri za dharura za Rais Hindenburg chini ya kifungu cha 48 cha katiba. Bunge likawa pambo. Kura za Nazi zikaruka hadi asilimia 18.3 Septemba 1930, na 37.3 Julai 1932.

Hata hapo Hitler hakupata wingi. Novemba 1932 chama chake kilipoteza viti 34. Ukansela alipewa tarehe 30 Januari 1933 na Hindenburg, baada ya kansela wa zamani Franz von Papen na wenzake kumshawishi mzee huyo kwamba wangemdhibiti Hitler. Hadi Machi 23 bunge lilikuwa limekwisha kumkabidhi mamlaka ya kutunga sheria, wabunge wa Kikomunisti wakiwa kizuizini au mafichoni. Wasoshalisti 94 peke yao walipiga kura ya kupinga. Ndiyo maana hadithi ya noti inanikera: inawasamehe watu tunaowajua kwa majina.

Unajiandaa na mtihani? Panga matokeo ya chaguzi za 1919 hadi 1933 kwa tarehe. Soma kifungu cha 48. Kwa udikteta, fuata sheria moja baada ya nyingine, zile za Nuremberg za 1935 zikiwemo, hadi kwenye mauaji ya Wayahudi milioni 6. Kwa mgawanyiko wa Ujerumani, usianze na ukuta wa Berlin, maana huo ni wa Agosti 1961. Anza na kanda nne za washindi wa vita za 1945, sarafu mpya ya Juni 1948 na nchi mbili za 1949. Halafu soma jinsi Zanzibar ilivyoitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964, na mzozo wa Nyerere na serikali ya Ujerumani Magharibi mjini Bonn uliofuata.

Walimu wenzangu, mkifika Januari 1933, watajeni walioamua.