Chombo cha Faiba Nacho Chataka Kutunzwa

Mvuvi anunuaye chombo cha faiba huambiwa kwamba hakiozi. Ni kweli: wadudu wa baharini watoboao mbao hawakili, wala hakihitaji kukalfatiwa. Lakini usidhani kwamba maji hayakiingii.

Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikwa pamoja kwa gundi ngumu, mara nyingi ile iitwayo poliesta. Juu yake hupakwa ngozi laini yenye rangi, yaani jelkoti. Maji hupenya ngozi hiyo kidogo kidogo, na katika bahari ya joto kama yetu hupenya upesi zaidi. Yakifika ndani huyeyusha mabaki ya gundi isiyokauka sawasawa, yakawa maji makali. Maji hayo makali huvuta mengine kutoka nje, hata ngozi ikatuna malengelenge. Ukitoboa lengelenge utasikia harufu kama ya siki. Linda macho yako, maana maji hayo huweza kuruka kwa nguvu.

Wavuvi wa Ziwa Victoria wasicheke: maji matamu huleta malengelenge upesi kuliko maji ya chumvi.

Hata hivyo, chombo kilichoundwa vizuri hudumu sana. Walinzi wa pwani wa Marekani waliunda mashua za faiba za futi 40 katika miaka ya 1950. Mwaka 1962 vilikatwa vipande katika mashua tatu zilizokwisha kutumika miaka 10, vikapimwa. Mwaka 1972 vikakatwa tena katika mashua moja ya miaka 20. Nguvu yake haikuonekana kupungua.

Jambo la kwanza kwako ni matundu. Kila tundu la parafujo na kila ukingo uliokatwa, upake epoksi, kwa sababu hapo nyuzi ziko wazi na maji huzifuata kama mafuta yapandavyo katika utambi. Usikiburure chombo juu ya matumbawe. Kikiwa pwani kifunike, maana jua huifanya jelkoti iwe unga kama chokaa.

Ukiona malengelenge, yasugue kwa msasa mpaka ufikie faiba nzima, huku umefunika pua na mdomo, kwani vumbi la kioo ni baya kwa mapafu. Osha kwa maji matamu mara kadhaa. Kisha kianike chini ya paa majuma mengi kabla ya kupaka epoksi. Wengi huharakisha hapa, nao huyafungia maji ndani.