Kiti Kimoja Mbele ya Kitenzi cha Kiguarani

Nchini Paragwai, Katiba ya mwaka 1992 ilikifanya Kiguarani kuwa lugha rasmi pamoja na Kihispania. Tuiache siasa, tukitazame kitenzi chake.

Katika "nimekukuta", Kiswahili kinataja wahusika wawili: ni- ni mtenda, -ku- ni mtendwa. Kitenzi cha Kiguarani, kwa kawaida, kina kiti kimoja tu mbele ya shina. Nani akikalie?

Chukua shina -juhu, kukuta. Ajuhu ni "nimemkuta": a- ni mimi, mtenda. Akinikuta yeye, husemwa che juhu, na che (hutamkwa "she") ni mimi tena, sasa mtendwa. Yeye hatajwi popote. Hata mkutaji akiwa wewe, ni che juhu vilevile. Jina au kiwakilishi kitaongezwa kama kuna utata. Kwa hiyo nafsi ya kwanza huishinda ya tatu, na ya pili nayo huishinda ya tatu: rejuhu, umemkuta, nde juhu, amekukuta. Mimi nikikukuta wewe, hapo tu kiti hutosha wawili, kwa kiambishi maalumu: rojuhu.

Che ina kazi nyingine. Che kane'õ ni "nimechoka", che vare'a "nina njaa", ilhali aguata, "natembea", huchukua a-. Mtu atasema upesi kwamba a- ni ya hiari na che ni ya yanayotupata. Lakini "nakufa" ni amano, yenye a-, na sijui nani hufa kwa hiari. Mgawanyo unaoshika zaidi ni wa tukio na hali: kufa kunatokea, uchovu upo. Che hiyohiyo huonyesha umiliki pia, kama che sy, "mama yangu", na ndiyo maana baadhi ya wanaisimu huuliza kama che kane'õ ni kitenzi hasa au ni jina, "uchovu wangu".

Kwa maoni yangu, kuiita che "mtendwa" ni kurahisisha mno. Kitenzi chenye wahusika wawili huuliza kwanza nani ana cheo, ndipo kiambishi kieleze ametenda au ametendwa. Wote wawili wakiwa nafsi ya tatu, cheo hakina cha kuamua: kitenzi hushika o- ya mtenda, na mtu aliyetendwa hutiwa alama kwenye jina lake, Juan ojuhu Maríape.